Wavamizi wa Upande Gani?

Swali la saba ndilo lililonitia aibu. Tulikuwa katika chumba cha darasa la shule ya msingi, juu ya kilima kimoja cha Kabare, Jumamosi asubuhi. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, nami nimesimama mbele yao na karatasi mkononi. Kazi yangu ilikuwa kusoma maswali ya watafiti wa misitu kwa Kiswahili, kusikiliza majibu, kisha kuyarudisha kwa Kifaransa. Maswali sita ya kwanza yalipita vizuri: una miti mingapi, uliipanda lini, unaiuza kama mbao au kama makala. Nikafika la saba. Nililisoma kama nilivyolitafsiri mwenyewe, kwa fahari ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu: "Je, umewahi kuona wadudu wavamizi wa kigeni katika miti yako?"

Chumba kikanyamaza. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu na dirisha, kitambaa cha kijani kichwani, akaniuliza: "Wavamizi wa upande gani, mwanangu?"

Wengine walicheka, lakini kicheko hakikuwa cha furaha. Kijana mmoja akamjibu kabla yangu: "Si wale wale?" Nikaona macho ya watu wawili watatu yakielekea nyuma ya chumba, kwa baba mmoja mwenye koti la kahawia ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuangalia mikono yake. Baadaye niliambiwa kwamba mama yake alizaliwa ng'ambo ya Ruzizi. Hakuna mtu aliyemtukana, hakuna aliyetaja jina lake. Kiongozi wa utafiti, ambaye Kiswahili chake hakikutosha kuona lililotokea, aliniashiria niendelee na swali la nane. Nikaendelea.

Ninaandika haya kwa sababu ya dakika ile, na kwa sababu nadhani inatuhusu sisi wa kitivo cha lugha kuliko tunavyopenda kukubali.

Kazi yenyewe ilitujia mwaka jana. Watafiti wa misitu kutoka vyuo vikuu viwili, pamoja na wenzao wa kituo kimoja cha nje, walikuja kitivoni kutafuta wanafunzi wawili wa Kiswahili. Walitaka kujua jinsi wenye mashamba ya milimani wanavyowatambua wadudu wanaoharibu miti ya kupandwa, hasa sipre na mikaratusi. Maswali yao yalikuwa kwa Kifaransa. Tulipewa siku kumi, nauli, na orodha ya maneno yapatayo arobaini ambayo waliamini hayana Kiswahili. Mimi na mwenzangu tulifurahi. Tuliona kwamba katika utafiti wa wadudu kazi ya lugha ni nyepesi: wakubwa wameshafikiri, sisi tunatafuta tu maneno.

Ishara ya kwanza kwamba haikuwa nyepesi ilituchekesha. Katika orodha kulikuwa na "lutte biologique", yaani njia ya kupunguza wadudu waharibifu kwa kuwaletea wadudu wengine wanaowala. Mwenzangu, usiku, akiwa amechoka, aliandika "vita vya kibiolojia". Asubuhi tulipoisoma kwa sauti tulijiona tukisimama mbele ya watu wa kilimani na kuwaambia kwamba tumewaletea vita vya kibiolojia. Tulifuta haraka. Ila "wadudu wavamizi wa kigeni" tuliliacha. Kifaransa chao kilisema "espèce exotique envahissante", na kila neno lilikuwa na mwenzake katika kamusi. Hatukuona la kuchekesha wala la kuogopesha.

Sipre haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Bukavu. Iko kwenye viwanja vya parokia na vya shule, iko makaburini, iko kandokando ya njia tangu enzi za Wabelgiji. Wengi wetu tuliijua kama ua wa nyumbani: inapandwa kwa mstari, inakatwa juu, inafungana kama ukuta, na inaonyesha shamba la nani linaishia wapi. Asiyekuwa na karatasi ya ardhi ana sipre. Nilipoanza kusoma kuhusu mti huu, jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa jina lake la kisayansi. Unaitwa Cupressus lusitanica, yaani sipre ya Ureno, na jina hilo alilipa Mwingereza Philip Miller mwaka 1768, kwa kuwa miti iliyojulikana Ulaya ilitoka Ureno ilikokuwa imepandwa. Lakini kwao ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Mti wetu wa mpaka, tunaouona kama wa babu zetu, umetoka mbali kuliko mdudu wake, na tangu zamani unabeba jina la mahali ambapo si kwao.

Mdudu naye ana hadithi yake. Ni kidukari wa rangi ya kahawia, mrefu kwa milimita chache tu, ambaye hujipanga na wenzake kwenye vitawi na kufyonza maji ya mti. Mate yake yana sumu kwa mti wenyewe. Majani hukauka kuanzia ndani, karibu na shina, na ukavu hutoka nje polepole hadi upande mzima unakuwa kama umepitiwa na moto. Kidukari anatoa majimaji matamu yanayonata. Sisimizi wanayafuata, na juu yake inaota kuvu nyeusi kama masizi. Katika nchi zetu majike huzaa bila dume, na huzaa watoto hai, kwa hiyo mmoja aliyeletwa na mche au tawi anatosha kuanzisha ukoo.

Alionekana Malawi mwaka 1986. Katika miaka michache alipanda kaskazini kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 1990 alikuwa Kenya, na alifika pia katika Burundi, Rwanda, Uganda na huku kwetu mashariki ya Kongo. Hakuchagua sipre peke yake: kwenye mlima Mulanje, Malawi, aliiua pia mierezi ya asili inayoota huko tu. Mwaka 1991 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Muguga, karibu na Nairobi, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba hakuna nchi itakayoweza peke yake. Kupulizia dawa mlima mzima hakuwezekani, na dawa ingewaua pia wadudu wanaosaidia. Waliamua kutafuta, huko wanakoishi vidukari wa jamii hii, ni nani huwala.

Waliyempata Ulaya ni nyigu mdogo sana, Pauesia juniperorum. Jike hutoboa kidukari na kuacha yai moja ndani yake. Buu hula kidukari kutoka ndani. Kidukari hubaki ganda kavu lililovimba, na nyigu mpya hutoka kwa tundu la duara. Hamchomi mtu. Alichunguzwa kwanza mahali palipofungwa ili kuhakikisha kwamba hatageukia viumbe wengine, kisha akaachiwa Malawi mwaka 1994, na baadaye Kenya. Huko Malawi vidukari walipungua. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Malawi, ile ya Kenya, taasisi ya kimataifa ya udhibiti wa kibiolojia na FAO zilifanya pamoja kazi ambayo mmoja wao angeshindwa.

Nilikuwa nikisoma haya kama mtafsiri, kwa haraka, hadi siku ya mafunzo kabla ya kwenda kilimani. Katika ukumbi mdogo walituonyesha picha ukutani. Ya tatu ilikuwa ua wa sipre: kahawia kuanzia ndani, kijani kimebaki kwenye ncha tu, na chini, kwenye majani ya magugu, weusi kama wa masizi. Nilijua ua ule. Sikuwahi kuuona kwa macho yangu, kwa kuwa ulikatwa kabla sijazaliwa, lakini nilikuwa nimesimuliwa kila jani lake.

Babu yangu aliupanda kati ya shamba letu na la jirani. Jirani huyo hakuzaliwa pale kilimani. Alikuja kutoka upande mwingine wa nchi, akanunua, akajenga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ua ulianza kukauka. Koko wangu, mama wa baba, aliutazama wiki hadi wiki. Alisema haujachomwa na jua, kwa kuwa jua huanza nje. Alisema si mchwa, kwa kuwa mizizi ilikuwa mizima. Alipoona weusi chini, alisema: mtu amemwaga kitu usiku. Nani ana faida ua ukifa? Yule ambaye angependa mpaka usogee.

Kesi ilipelekwa kwa chifu. Jirani aliapa. Mashahidi hawakuwapo kwa upande wowote, kwa hiyo kila mmoja alirudi nyumbani na ukweli wake. Miti iliyokufa ilikatwa kuwa kuni, na ilipoondoka, mpaka nao uliondoka. Hapo ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza, kwa kuwa sasa kila nyumba ilikumbuka mstari tofauti. Mimi nilikua nikiwa nimekatazwa kuteka maji pamoja na watoto wao. Nyumbani kwetu hawakuitwa kwa jina la ukoo, waliitwa "waliokuja". Koko alikufa mwaka 2014 bila kusalimiana nao.

Sina ushahidi kwamba ni vidukari. Hakuna aliyehifadhi tawi moja. Ninachojua ni kwamba koko alieleza dalili zote, kwa mpangilio uleule wa picha za watafiti: ndani kwanza, nje baadaye, mizizi mizima, masizi chini. Aliona vizuri sana. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza aliona nini, na jina ambalo lisingekuwa jina la jirani.

Ndiyo maana macho yale ya Kabare yalinishtua. Niliyajua. Ni macho niliyofundishwa nyumbani.

Jioni ile, kwenye gari la kurudi Bukavu, mimi na mwenzangu tulitoa karatasi na kulitazama swali la saba kama watu wa lugha. Kosa letu halikuwa la kamusi. "Mvamizi" ni mwenye kuvamia, na kuvamia ni kuingia kwa nguvu na kwa ghafla. Katika vitabu vya biolojia neno hilo ni la kiufundi. Kivu ni kumbukumbu. Kila mtu katika chumba kile alikuwa na usiku wake ambao neno hilo linauita. Pia kuna sarufi, ambayo tunaifundisha kila siku bila kuiogopa. Kwa Kiswahili wadudu wanafuata upatanisho uleule wa watu: watu wavamizi, wadudu wavamizi; wamekuja, wameingia, wafukuzwe. Kifaransa kinasema "espèce", jina la kitu kisicho na uso. Sisi tuliondoa neno hilo la baridi, tukabakiza wa- wa watu. Ukisema haraka, "wadudu" linapotea mdomoni na linabaki "wavamizi wa kigeni". Yule mama hakusikia vibaya. Alisikia tulichokisema.

"Kigeni" nalo lina mambo yake. Mgeni kwetu anapewa kiti, anapewa maji ya kunawa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini likibadilika kuwa "-a kigeni" baraka inapungua: kitu cha kigeni kinatiliwa shaka. Shina ni moja, ila tabia ya neno imegeuka. Katika historia hii ya sipre kila mmoja ni mgeni: mti umetoka Amerika, kidukari alitoka nje ya Afrika, nyigu aliyemzuia ametoka Ulaya. Tatizo la kidukari halikuwa ugeni wake. Alifika akiwa ameachana na wale wanaomla, akakuta miti iliyopandwa mmoja mmoja wa aina moja, mlima mzima. Nyigu naye alikuwa mgeni, na kwa ujio wake wenyeji wa Malawi walipona kidogo. Methali yetu ilikuwa inajua biolojia hii kabla yetu, sisi tulioisoma darasani tukaisahau.

Lakini sitaki kuwalaumu watafiti wa wadudu kana kwamba wao hawajali majina. Wana mateso yao, na ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Kwa miaka kumi na mitatu kidukari wa sipre aliitwa Afrika nzima Cinara cupressi, jina la kidukari anayejulikana Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1999 watafiti wanne walilinganisha vidukari waliokusanywa katika mabara mbalimbali, wakaonyesha kwamba chini ya jina moja walijificha zaidi ya mmoja, na kwamba wa Afrika ni aina ya peke yake. Wakamwita Cinara cupressivora, wakakisia kwao: kuanzia mashariki ya Ugiriki hadi kusini ya Bahari ya Kaspi. Hilo si suala la vitabu tu. Ukitaka kupata maadui wengine wa kidukari, unakwenda kuwatafuta kwao, na jina lenye kosa linakupeleka mahali pengine. Ndivyo koko naye alivyopelekwa kwa jirani.

Mikaratusi ina mfano wa namna nyingine. Mwaka 2000 mdudu mdogo anayevimbisha majani machanga ya mkaratusi alionekana Mashariki ya Kati. Mwaka 2002 alikuwa Kenya na Uganda. Kwao ni Australia, lakini hata Australia hakuwa na jina, kwa kuwa huko hakumsumbua mtu. Alipewa jina mwaka 2004, akaitwa Leptocybe invasa. Uvamizi umo katika jina lake la ubatizo. Basi neno letu la Kabare halikuzuliwa na mimi. Limetoka juu, kwa Kilatini, na mimi nililishusha hadi kwenye dawati la shule bila kuuliza litamwangukia nani.

Tulimwomba kiongozi wa utafiti tuandike upya. Alisikiliza, kisha akatuuliza swali la haki: mkibadilisha neno, nitajuaje kwamba nchi zote zinauliza kitu kimoja? Utafiti wao ulifanywa pia na wenzao wa nchi jirani, kwa fomu ileile, ili majibu yaweze kuwekwa pamoja. Ushirikiano unataka neno moja kwa wote. Tulibishana mchana mzima. Mwishowe tulikubaliana kwamba neno la kisayansi libaki katika daftari la mtafiti, na kwa mkulima tuulize kinachoonekana. Fomu ya pili ilisema: "Je, umewahi kuona sipre yako ikigeuka kahawia kuanzia ndani, karibu na shina? Uliona nini kwenye matawi? Kwenye majani yaliyo chini?" Hakuna mvamizi, hakuna mgeni. Kwa "lutte biologique" tuliandika "kuzuia wadudu kwa wadudu". Ganda la kidukari aliyeliwa, ambalo Kifaransa kinaliita mumia, tuliliita ganda tupu. Si tafsiri za kupendeza, ila mtu anaweza kutazama tawi na kujibu.

Baada ya wiki tatu tulirudi kilimani palepale. Mama wa kitambaa cha kijani alikuwa amekaa mahali pake. Nilimwomba radhi mbele ya watu kwa swali la siku ile; alipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. Niliposoma swali jipya hakuacha nimalize. Alisema hao ni chawa wa sipre, anawajua tangu akiwa na mtoto mgongoni. Wanazidi wakati wa kiangazi cha baridi. Alisema yeye hakuwagundua kwa kuangalia mti. Aliwagundua kwa nguo: alizoea kuanika juu ya ua, na mwaka ule nguo za watoto zilianza kunata kama zimemwagiwa maji ya sukari. Kisha sisimizi wakapanda kwenye mashati. Wanawake wengine watatu wakadakia: kwao pia ilikuwa hivyo. Mmoja alikumbuka kwamba alimpiga binti yake, akidhani amemwaga chai ya sukari kwenye shuka.

Watafiti wakaacha kuangalia saa. Walimuuliza: kati ya nguo kunata na majani kugeuka kahawia, ulipita muda gani? Akahesabu kwa sikukuu, akataja wiki. Katika fomu hapakuwa na sehemu ya kuandika nguo. Waliandika pembeni, na katika fomu ya tatu pakawa na swali la nguo, ambalo limekwenda pia kwa wenzao wa nchi jirani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona sentensi ya Kiswahili ya mama wa kijijini ikipanda kwenda juu, badala ya Kilatini kushuka kwake. Ingawa sijui kama atatajwa popote. Katika jina la mdudu huingia jina la mtaalamu aliyemheshimika: mmoja wa nyigu wanaozuia mdudu wa mikaratusi anaitwa Selitrichodes neseri kwa heshima ya Stefan Neser, mtaalamu wa Afrika Kusini. Ni heshima inayostahili. Lakini mtu wa kwanza kujua kwamba mti unaumwa mara nyingi ni mtu mwenye nguo zinazonata, na yeye anabaki kuwa "mhojiwa namba 12".

Sitaki kumaliza hapo kana kwamba mambo yalikwenda sawa. Dawati la nyuma lilikuwa tupu. Nilimuuliza mwalimu wa shule kuhusu baba mwenye koti la kahawia, akasema amekwenda sokoni. Tulirudi mara ya tatu. Safari hiyo alikuwa mgonjwa. Mtoto wake alitupokea vizuri barabarani, lakini hakutuongoza nyumbani. Watu wa pale waliniambia kwamba miti yake ndiyo mizee kuliko yote ya kilima kile, imepandwa na baba wa mke wake, na kwamba mstari mmoja uliwahi kukauka kisha ukachipuka tena. Mti uliopona ndio watafiti waliokuwa wakiutafuta. Hawajaupima. Katika hesabu za utafiti ule miti hiyo haimo, na sababu yake ni neno langu moja.

Wenzangu wa kitivo, tunalalamika mara nyingi kwamba lugha zetu zinaachwa nje ya sayansi. Nami nalalamika. Lakini siku tunapoitwa, tunafika na kamusi mkononi na haraka ya kuonyesha kwamba Kiswahili kina neno kwa kila kitu. Tungeanza kwa kwenda kusikiliza: watu wa Kabare, wa Walungu, wa Lubero wanawaitaje hawa wadudu, kwa Kimashi, kwa Kinande, kwa Kiswahili cha sokoni, na kila jina linamgusa nani. Kazi hiyo inatosha kuwa kazi ya mwisho ya mwaka kwa wanafunzi wengi. Watafiti wa misitu wataihitaji kabla ya dawa na kabla ya nyigu, kwa kuwa mdudu mpya atakuja tena, na atakayemwona kwanza hatakuwa na hadubini.

Likizo iliyopita nilimwonyesha baba picha ya ule ua kwenye simu. Aliishika simu kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Nilimweleza kuhusu chawa, kuhusu masizi, kuhusu Malawi mwaka 1986. Hakusema kwamba koko alikosea, nami sikumtaka aseme. Aliuliza kama hao wadudu wangeweza kuukausha ua wetu bila kuukausha wa jirani. Nilimjibu kwamba jirani hakuwa na sipre. Alikuwa na migomba. Akanyamaza.

Jirani wa zamani naye amekwisha kufa. Amebaki mwanawe, mwenye umri wa baba, ambaye anapita mbele ya nyumba yetu kila Jumapili akienda misa. Jioni baba alinirudia. "Nikitaka kumwambia," alisema, "nianze na neno gani?"

Tumeketi mara mbili tukijaribu. Kila tunapoandika sentensi ya kwanza, baba anaisoma kwa sauti, anatikisa kichwa, na tunaanza tena.